Waya wa Gari la Umeme Huchaguliwa Ukutani, si Dukani



Ilikuwa yapata saa tisa za usiku. Mama mkwe wetu alikuwa ameamka kutawadha kwa ajili ya tahajudi, kama ilivyo ada yake. Alipofika mlangoni mwa jikoni akasimama. Hakuona moto wala moshi; alichosikia ni harufu ya plastiki inayoungua, ile harufu kali inayokwama kooni. Akatugongea milango mmoja baada ya mwingine. "Amkeni, wanangu," akasema, "kuna kitu chaungua jikoni."

Tulipowasha taa tuliuona msiba uliokuwa ukijiandaa. Soketi iliyo chini ya dirisha, ambayo jioni ilikuwa nyeupe, ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia, na plagi iliyochomekwa humo ilikuwa imeyeyuka hata ikashikana nayo. Kutoka hapo waya ulipita dirishani ukaenda hadi uani, ambako gari letu la umeme lilikuwa likichajiwa. Tulizima swichi kuu iliyo kwenye mita, nyumba yote ikawa giza, tukakaa sebuleni na watoto mapajani hadi adhana ya alfajiri. Alhamdulillahi, hakuumia mtu.

Hatuyasimulii haya kwa kutaka kuonewa huruma. Magari ya umeme yameanza kuonekana katika barabara za Mombasa, na familia nyingi zinapiga hesabu ya kuachana na petroli. Maswali yanayoulizwa ni yale yale: betri itadumu muda gani, gari litafika Malindi bila kusimama, bei ni ngapi. Kuhusu waya wa kuchajia ni wachache wanaouliza, na sisi hatukuwa miongoni mwao. Gari lilinunuliwa na wanaume wa nyumba yetu. Wao ndio waliosema na muuzaji. Lakini wanaolichomeka kila jioni baada ya kuwachukua watoto madrasa, na wanaolichomoa asubuhi kabla ya safari ya shule, ni sisi wanawake. Kwa hiyo ni haki yetu, na tena ni wajibu wetu, kuujua waya huo.

Vitu vizima, mnyororo mbovu

Gari letu ni Nissan Leaf iliyotumika, iliyotoka Japani ikateremshwa Kilindini. Ilikuja na waya wake ndani ya buti, waya wa kiwandani usio na kasoro yoyote. Ila plagi yake ilikuwa ya Kijapani, nayo haikuingia katika soketi zetu za matundu matatu. Muuzaji akatupa adapta ndogo, akatuhakikishia kwamba haina neno. Na kwa kuwa gari husimama uani nasi soketi yetu iko jikoni, tukaongeza ekstensheni, sehemu yake kubwa ikabaki imeviringwa kwenye gurudumu lake. Ukawa ni mnyororo: soketi, ekstensheni, adapta, waya, gari. Ulifanya kazi wiki tatu bila tatizo, nasi tukaamini kwamba kinachofanya kazi ni salama.

Fundi aliyekuja asubuhi ile ni mtu mzima, amefunga umeme katika nyumba nyingi za mtaa wetu. Alimwamkia mama mkwe shikamoo, akakaa chini pale jikoni, akavitandaza vile vitu mkekani kimoja kimoja. "Mama," akasema, "gari halina kosa, na waya huu hauna kosa. Lakini hakuna aliyewaambia kwamba nyumba hii si ya Japani."

Kisha akatueleza. Katikati ya waya wa kuchajia mna kisanduku. Watu hudhani kwamba kisanduku hicho ndicho chaja, kumbe chaja yenyewe imo ndani ya gari. Kazi ya kisanduku ni ulinzi na mawasiliano: kupitia uzi mwembamba uliomo ndani ya waya, huliambia gari lisivute zaidi ya kiwango fulani cha umeme, nalo gari hutii. Kisanduku chetu kilikuwa kimeandikwa volti 200 na ampea 15, kwa sababu huko Japani umeme wa kawaida wa nyumbani ni volti 100, na wa vyombo vizito, likiwemo gari, ni volti 200. Hapa Kenya umeme wetu ni volti 240, na soketi zetu za kawaida ni za ampea 13. Kisanduku hakikuwa na njia ya kujua hayo. Kililiambia gari livute hadi ampea 15, nalo likavuta.

Tukamuuliza kwa nini fyuzi iliyo ndani ya plagi haikukatika. Jibu lake lilitushangaza. Fyuzi ya ampea 13 haikatiki papo hapo ikipita 13. Huweza kubeba 15 kwa saa nyingi. Imewekwa kuulinda waya pindi pakitokea hitilafu kubwa, wala haipimi joto la soketi iliyolegea.

Na hapo ndipo ilipo tofauti ya gari na vyombo vingine vya nyumbani. Birika la umeme huvuta umeme mwingi, lakini kwa dakika chache tu. Pasi huwaka na kujizima yenyewe. Gari huvuta umeme mwingi kwa saa nane mfululizo, bila kupumzika hata dakika moja. Kiungo kilicholegea kidogo, ambacho birika halikupata muda wa kukitia joto, gari hukichemsha usiku kucha. Tena joto la kiungo halipandi sawa na umeme unaopita: ukitoka ampea 10 ukaenda 15, umeme umeongezeka kwa nusu, lakini joto limezidi mara mbili. Ekstensheni iliyoviringwa nayo huongeza balaa, kwa sababu joto la mzunguko mmoja huupasha mzunguko wa pili, na hewa haipati pa kupita.

Anza ukutani

Somo tulilolipata ni hili: waya wa gari hauanzii dukani wala kwenye gari. Huanzia ukutani. Kabla ya kununua waya wowote, iulizeni nyumba yenu maswali matatu, na majibu yake mtafutieni kwa fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia kawi nchini.

La kwanza ni kuhusu ile soketi: ina njia yake pekee kutoka kwenye kisanduku cha swichi kuu, au imeungwa pamoja na friji, pampu ya maji na mashine ya kufulia? Katika nyumba nyingi za zamani, soketi za jikoni na za vyumbani hushirikiana. Gari linastahili njia yake pekee, yenye swichi yake, na waya wa ukutani wenye unene usiopungua milimita 2.5 za mraba.

La pili ni waya wa ardhi. Huu ndio unaochukua umeme uliopotea na kuupeleka chini ya ardhi badala ya kumpitia mtoto aliyegusa mlango wa gari akiwa pekupeku. Hapa Pwani chumvi ya hewa huvila viungo vya chuma na shaba, na fimbo iliyozikwa miaka 30 iliyopita huenda leo imebaki jina tu. Haitoshi kuitazama kwa macho. Fundi aipime kwa chombo chake. Visanduku vingi vya kuchajia hupima vyenyewe waya wa ardhi na kukataa kufanya kazi usipokuwepo. Mkiona taa nyekundu, msitafute fundi wa kukidanganya kisanduku. Kimewaambia ukweli.

La tatu ni swichi ya kinga inayokata umeme pindi unapovuja. Kipimo kinachotakiwa kwa ajili ya kulinda uhai wa mtu ni miliampea 30. Swichi hiyo ina kitufe cha kujaribia. Kibonyezeni, na kama haikujizima, imekufa na haifai kutegemewa.

Kisha litazameni tundu la gari

Ukuta ukisha kujulikana, nendeni kwenye gari. Fungueni kile kifuniko cha kuchajia, mhesabu matundu. Kichwa cha duara chenye matundu matano ni kile kinachoitwa Taipu 1, nacho hupatikana katika magari mengi yaliyotengenezewa soko la Japani na Marekani. Chenye matundu saba na kilichobapa upande wa juu ni Taipu 2, kinachotumika Ulaya na katika magari mengi mapya. Magari yaliyotengenezewa soko la ndani la China yana kichwa chao kiitwacho GB/T, ambacho kwa mbali hufanana na Taipu 2 lakini hakiingiliani nacho. Ukimwagiza mtu wa Dubai au Guangzhou akuletee waya, mpelekee picha ya tundu lenyewe, usimtajie jina la gari tu, kwa maana gari la jina moja huweza kuwa na tundu tofauti kwa kila soko.

Leaf kama yetu ina matundu mawili. Dogo ni Taipu 1, la kuchajia nyumbani. Kubwa linaitwa CHAdeMO, la kuchajia haraka katika vituo maalumu. Kwa lile kubwa hakuna haja ya kununua chochote, kwa sababu waya wa kuchajia haraka umefungwa kwenye mashine ya kituo. Vipo pia vituo vya kasi ya kawaida vyenye tundu la Taipu 2 bila waya; mkivitumia, mtahitaji waya wa pili wenye Taipu 2 upande mmoja na kichwa cha gari lenu upande wa pili. Waya huo hauna kisanduku, na wala hauwezi kuchomekwa katika soketi ya nyumbani.

Kasi gani yatosha?

Wauzaji hupenda kuwauzia watu kasi. Tulionyeshwa waya mnene wa kilowati 22, tukaambiwa kwamba utajaza betri kwa muda mfupi. Huo ni waya wa umeme wa njia tatu, ambao nyumba nyingi hazina. Isitoshe, chaja iliyomo ndani ya gari ndiyo inayoamua: magari mengi madogo ya Japani hupokea takriban kilowati 3 au 6 tu, hata ukiyafungia waya wa unene wa mkono. Tofauti ya bei ingekuwa shaba tunayoibeba kwenye buti bure, na israfu si katika chakula peke yake.

Hebu tufanye hesabu ya nyumbani. Ampea 10 kwa volti 240 ni kilowati 2.4. Kwa saa nane ni yuniti 19 za stima. Gari dogo hutumia takriban yuniti 15 kwa kilomita 100, na sehemu nyingine hupotea kama joto wakati wa kuchaji. Basi usiku mmoja wa ampea 10, ule waya wa polepole kuliko nyaya zote, hulipa gari zaidi ya kilomita 100. Sisi safari zetu za siku nzima, yaani shule, kazini, sokoni na madrasa, hazizidi kilomita 30. Saa tatu zatutosha.

Kwa hivyo tulichagua waya wa ampea 10, ambao kisanduku chake kina kitufe cha kuushusha hadi 8 au 6. Ikiwa familia yenu ina safari ndefu za kila siku, msikimbilie waya mkubwa wa kuchomeka. Fungeni kituo kidogo cha ukutani cha ampea 32, chenye njia yake pekee. Hicho hutoa zaidi ya kilowati 7 iwapo gari lina uwezo wa kuzipokea, lakini ni kazi ya fundi mwenye leseni, na haifai kuunganishwa kwenye soketi ya kawaida hata mara moja.

Kisomeni kibandiko

Sasa ndipo mwende dukani. Uzuri wa sanduku msiutazame. Ugeuzeni ule waya msome kibandiko cha kisanduku chake.

Volti: pawe pameandikwa 230 au 240. Pakiwa 100 au 200 peke yake, urudisheni.

Plagi: iwe ya meno matatu ya mraba kama soketi zetu, iliyoumbwa pamoja na waya kiwandani. Nyaya zilizotengenezewa Uingereza zina plagi hiyo hiyo, kwa kuwa soketi zetu na zao ni aina moja, nazo kwa kawaida huwa za ampea 10. Baadhi zina kipima joto ndani ya plagi, ambacho hupunguza au kukata umeme plagi ikizidi kupata moto. Tukishauriwa kulipia nyongeza moja tu, tungelipia hiyo. Adapta tumeiaga.

Maji na vumbi: tafuteni herufi IP na tarakimu mbili. Ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. IP44 hustahimili maji ya kurushiwa. IP55 na IP67 ni imara zaidi. Kwa masika yetu na mchanga wetu, kadiri tarakimu zinavyopanda ndivyo bora.

Unene: waya wa ampea 16 huwa na milimita 2.5 za mraba, na wa ampea 32 huwa na 6. Waya unaodai ampea 32 na huku ni mwepesi kama wa pasi, umesema uongo.

Urefu: chukueni kamba, mpime kutoka soketi hadi tundu la gari, kwa njia ambayo waya utapita, na muongeze mita moja. Nyaya nyingi ni za mita 5. Ikiwa kwenu ni mita 8, nunueni wa mita 10. Msinunue wa 5 na ekstensheni.

Nembo: bidhaa iliyoingizwa nchini kihalali hubeba stika ya KEBS. Na viwango vya kimataifa vya nyaya hizi zenye kisanduku vinajulikana kwa namba IEC 62752. Muuzaji asiyejua namba hiyo si mwongo kwa lazima, ila kibandiko kisichokuwa na namba yoyote ni ushahidi tosha.

Waya wetu mpya, pamoja na kazi ya fundi ya kufunga soketi isiyopenya maji pale pale uani, uligharimu fedha tulizokuwa tumeziweka kwa nguo za Idi. Watoto walivaa zile za mwaka uliopita. Bibi yao alipowaeleza sababu, mdogo wao akasema heri nguo ya zamani kuliko jiko jipya.

Mnaoishi ghorofani

Wasomaji wengi wanakaa katika nyumba za kupanga, na swali lao ni gumu zaidi. Kuteremsha waya kutoka dirisha la orofa ya pili, au kuupitisha kwenye ukumbi na ngazi, ni kumwekea jirani mtego. Mzee atajikwaa, mtoto atauchezea, na uzito wa waya unaoning'inia huivuta plagi ilegee ndani ya soketi. Soketi ya ngazini au ya mlinzi nayo ina mwenyewe: umeme wake hulipwa na wapangaji wote, na kuutumia bila ruhusa ni kula haki za watu. Zungumzeni na mwenye nyumba mapema, kabla gari halijanunuliwa. Ombeni njia ya umeme ya maegesho yenye mita yake ndogo, mlipe mnachotumia. Asipokubali, hesabuni gharama ya vituo vya nje kwanza, na huenda hesabu hiyo ikawaambia msubiri.

Mazoea ya kila siku

Siku ya kwanza ya waya mpya, chajini mchana, mkiwa macho. Wekeni ampea 6, na baada ya saa moja igusheni plagi kwa kiganja. Ikiwa vuguvugu, ni sawa. Ikiwa huwezi kuishika, zimeni mumwite fundi. Zikipita salama ampea 6, pandeni 8, kisha 10, na kila mara mguse tena.

Ufungueni waya wote kila mnapochaji, usibaki umejikunja. Kisanduku kitundikwe msumarini, kivulini, kisilale sakafuni panapotuama maji. Zimeni kwanza ndipo mchomoe, na mvute kichwa, si waya. Kila mwezi mtazame meno ya plagi: yakiwa na weusi au kutu ya kijani, si ya kusuguliwa na kurudishwa kazini. Na watoto wafundishwe kwamba waya ule si kamba ya kurukia.

Limebaki jambo moja, nalo ni la mama mkwe wetu. Bibi zetu hawakulala kabla ya kuzima kandili na kufunika makaa ya jikoni, na desturi hiyo ina asili, kwani Mtume wetu (S.A.W.) alituusia tusiache moto ukiwaka majumbani tunapokwenda kulala. Fundi alipomaliza kazi yake alimhakikishia kwamba sasa gari laweza kuchajiwa usiku kucha. Mama mkwe akamshukuru, akamwombea dua, kisha akatugeukia. "Mimi sijui ampea," akasema. "Lakini mumesema saa tatu zatosha. Basi lichomekeni baada ya magharibi, na nikienda kulala nilikute limechomolewa."

Ndivyo tufanyavyo hadi leo. Kila usiku, kabla ya kuzima taa ya uani, mmoja wetu hutoka, huweka kiganja juu ya plagi, huzima, huchomoa, na kuutundika waya. Haichukui hata dakika mbili. Tukirudi ndani tunamkuta kwenye mswala wake, naye huuliza neno moja tu: "Tayari?" Nasi hujibu, "Tayari, Mama."